Mwendo Huharibikia Kichwani: Jinsi Dimenshia Inavyobadilisha Utembeaji wa Wazee

Baada ya sala ya alasiri, ukikaa barazani Mji wa Kale wa Mombasa utawaona wazee wakipita Ndia Kuu kurudi majumbani, kila mmoja na mwendo wake. Mmoja huitikia salamu, huuliza habari za watoto, hutania kidogo, na miguu yake haijasimama. Mwingine akisemeshwa tu na kijana anayekwenda naye bega kwa bega, husimama kabisa, hujibu, kisha ndipo huendelea. Watu husema ni upole, au ni uzee. Pengine ni adabu kweli, maana kusimama kumsalimu mtu ni ada ya Pwani. Lakini ikiwa zamani alikuwa akizungumza huku akitembea, na leo hawezi kujibu swali dogo bila ya kusimama, adabu haihusiki tena. Kichwa chake kimeelemewa na kazi mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Waliwachukua wazee 58 wa makao ya wazee, wakatembea nao, na katikati ya njia wakaanza kuwazungumzisha. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Miaka 5 baadaye, yaani 2002, watafiti wa New York waliokuwa wakiwafuatilia wazee 422 wenye zaidi ya miaka 75 walionyesha kwamba waliokuwa na kasoro ya mwendo mwanzoni, kabla ya kusahau kuanza, ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata dimenshia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili kunakotokana na maradhi ya ubongo) isiyo ya ugonjwa wa Alzheimer, hasa ile inayotokana na mishipa ya damu.

Kwa hiyo mzee akianza kujikokota, usiishie kwenye goti na nyonga. Na jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba sehemu kubwa ya msaada tunaompa mzee wa namna hii, yaani kumhimiza, kumwonya, kumzungumzisha, kumvuta mkono, humzidishia mzigo uleule unaomwangusha.

Kazi iliyomo ndani ya hatua moja

Kijana hatembei kwa kufikiri. Sehemu za ndani kabisa za ubongo hushika mdundo wa hatua, na ubongo wa kisogoni husawazisha mwili usiyumbe. Sehemu za juu kuelekea nyuma hupima urefu wa kizingiti na umbali wa ukuta. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoamua: nipite upande gani wa mkokoteni, nivuke sasa au niingoje ile tuktuk. Zote hizi huwasiliana kwa nyuzi ndefu za neva, na nyuzi hizo ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuharibiwa na presha isiyotibiwa kwa miaka mingi.

Umri ukisonga, macho hufifia, nyayo hupoteza hisia, misuli hulegea. Mzee mwenye akili timamu hufidia upungufu huo kwa umakini: hutazama chini, huchagua pa kukanyaga. Umakini huo ni mfuko mmoja tu wa matumizi, na kila kitu hulipiwa kutoka humo. Dimenshia huupunguza mfuko wenyewe. Ukimuuliza mzee jana mlikula nini huku akivuka barabara, umechota sehemu ya umakini uliokuwa wa miguu.

Kinachoonekana nje ni mambo manne. Kasi hupungua. Hatua huwa fupi. Muda ambao miguu yote miwili iko chini huongezeka, kwa sababu mwili unaogopa kusimama kwa mguu mmoja. La nne ndilo zito zaidi, nalo ndilo lisiloonekana kwa urahisi: hatua huacha kufanana. Kwa mtu mzima mwenye afya, muda wa hatua moja hadi nyingine hupishana kwa asilimia 3 au chini ya hapo; ukifumba macho unasikia mdundo uleule. Kwa mwenye dimenshia mdundo hukatikakatika: fupi, ndefu, fupi mbili, kusita. Anayetembea polepole kwa hatua zinazolingana ana usalama kuliko anayetembea haraka kwa hatua zisizolingana. Kwa hiyo sikiliza, usitazame tu. Sauti ya ndara kwenye sakafu ya saruji hukueleza mengi kabla hujamwona mtu mwenyewe.

Kumpima nyumbani

Unahitaji mita 4 za sakafu iliyonyooka, saa ya simu, na kiti. Vigae vya sentimita 40 vikiwapo, hesabu 10. Weka alama mwanzo na mwisho, kisha mwanzishe mzee mita moja nyuma ya alama ya kwanza na umwache apitilize mita moja mbele ya alama ya pili, ili usipime kuanza na kusimama kwake. Mwambie atembee kama anavyokwenda dukani. Pima mara mbili, uchukue wastani.

Mzee mwenye afya huenda mita 1 hadi 1.2 kwa sekunde, yaani mita 4 kwa sekunde 4 au chini kidogo. Akichukua sekunde 5, kasi yake ni mita 0.8 kwa sekunde, na hapo ndipo madaktari wengi huanza kuita mwendo wa polepole. Sekunde 7 au zaidi ni jambo la kuonana na daktari.

Sasa rudia, ila safari hii atembee huku akitaja samaki: changu, tafi, nguru, kolekole, pono, kadiri awezavyo. Kama alikwenda kwa sekunde 5 akiwa kimya na sasa amechukua 7, kasi imeshuka kutoka 0.8 hadi 0.57, upungufu wa karibu asilimia 29. Wapo madaktari wanaohesabu upungufu wa zaidi ya asilimia 20 kuwa dalili ya kufuatiliwa. Angalia pia nini kimeachwa: je, alisimama ili ataje samaki, au aliendelea kutembea akanyamaza? Anayesimama bado anajilinda. Anayeendelea kutaja samaki kwa furaha huku akigonga meza ndiye wa kumhofia.

Kipimo cha pili ni cha kiti. Mzee aketi kwenye kiti chenye mikono, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Ikizidi sekunde 12, hatari ya kuanguka ipo. Lakini namba hiyo haina maana kubwa kuliko unachokiona pale anapogeuka. Mwendo wa kunyooka huweza kudanganya, kugeuka hakudanganyi. Mwenye afya hugeuza kichwa, mabega yakafuata, kisha miguu. Mwenye shida hugeuka mwili mzima kwa pamoja kwa hatua nyingi ndogo, au huvuka miguu ikajikwaa yenyewe kwa yenyewe.

Vipimo hivi havitoi jina la ugonjwa. Goti lililoliwa na baridi yabisi nalo hupunguza kasi. Tofauti ni kwamba maumivu ya goti hutoa mchechemeo wa upande mmoja, unaofanana asubuhi na jioni, na mtu hukuonyesha panapouma. Mwendo ulioharibikia kichwani hubadilika kwa saa: mbaya anapochoka, mbaya penye kelele, afadhali chumbani kwake.

Aina za dimenshia, aina za mwendo

Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia zote. Mwanzoni miguu huonekana mizima. Mgonjwa husahau majina, hupotea njia aliyoizoea, lakini anakwenda sokoni na kurudi, na kasi imepungua kidogo tu. Ni ule mtihani wa kutembea huku akitaja samaki unaomfichua. Miaka inavyokwenda, mwili husahau utaratibu wa matendo. Utamwona amesimama mbele ya kiti, nguvu za miguu anazo, hajui aanzie wapi kuketi. Huinua mguu juu sana kuvuka pindo la busati ambalo limelala chini. Kuanguka kwake hutokana zaidi na kukosa kukadiria: amesahau kwamba hawezi tena kushuka ngazi bila kushika.

Dimenshia ya mishipa ya damu ni hadithi nyingine, na katika mji wenye presha na kisukari kila nyumba inafaa ijulikane vizuri. Hapa mwendo huharibika mapema, pengine kabla ya kumbukumbu. Mtazame kuanzia kiunoni kwenda juu, hana neno: mikono inabembea, uso una uhai. Mtazame chini: miguu imeachana kwa upana, hatua ni fupi na za haraka, nyayo zinaburura kana kwamba sakafu imezishika. Kusita huwa wakati wa kuanza safari na wakati wa kugeuka. Haja ndogo nayo humjia ghafla, hawezi kusubiri, na hapo ndipo maanguko mengi ya usiku yanapotokea: anaharakisha gizani kwa miguu isiyoweza haraka. Hali hushuka kwa vidaraja, hutulia miezi kadhaa, kisha hushuka tena kila mshipa mdogo unapoziba. Kilichokufa hakirudi, lakini kidaraja kinachofuata kinaweza kucheleweshwa kwa kudhibiti presha na sukari na kuacha sigara. Mzee anayemeza dawa ya presha siku anapoumwa kichwa tu hajadhibiti chochote.

Dimenshia ya vitwiti vya Lewy ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa hiyo tuikalie. Vitwiti hivyo ni mabonge ya protini ndani ya seli za ubongo, yaleyale ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Mgonjwa huinama mbele, mkono mmoja au yote miwili huacha kubembea, hatua huwa fupi za kuburura, uso hukauka. Mlangoni miguu hunasa ghafla kana kwamba imegundishwa. Kuna siku yu mzima na siku haelewi aambiwalo. Usingizini hupiga mateke na kupayuka. Na huona watu: watoto wamekaa pembeni ya chumba, paka juu ya kabati, wageni wasioonekana na mwingine, na husimulia nguo zao.

Ni hilo la mwisho linalowapeleka watu kombo. Nyumbani husemwa ana majini, akasomewa na kufukizwa ubani. Kisomo hakimdhuru, ila miezi hupita. Kisha siku anapofanya fujo hupelekwa hospitali, na pasipo historia kamili huweza kupewa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ili atulie. Wagonjwa wa Lewy wengi huathirika vibaya mno na dawa za jamii hiyo: hukakamaa, hushindwa kumeza, hushindwa kutembea kabisa, na wengine hufa. Akishakakamaa huongezewa benzheksoli ya kulegeza mwili, nayo huvuruga kumbukumbu zaidi. Kama mzee wako anaona vitu na mwendo wake umekuwa wa kuburura, yaseme yote mawili kwa pamoja kwa daktari kabla ya sindano yoyote. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko vipimo vingi.

Ugonjwa wenyewe wa Parkinson huweza kuishia kwenye dimenshia pia. Madaktari hutenganisha kwa muda: mwili ukitangulia kukakamaa kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya akili kuguswa, huitwa dimenshia ya Parkinson, vikija pamoja au akili ikitangulia, ni ya Lewy. Kwa mlezi tofauti hiyo si kubwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba hatua za wagonjwa wa Lewy hazilingani zaidi kuliko za wagonjwa wa Alzheimer, na wakapendekeza mwendo utumike kusaidia kutofautisha magonjwa haya mawili.

Ile aina inayoanzia sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo kwa kawaida haigusi miguu mapema. Hao hutembea, tena sana, na tatizo lao ni kutoka nyumbani bila kuaga.

Kuna yasiyo dimenshia ya kudumu

Kabla ya kukubali kwamba hakuna la kufanya, kuna magonjwa yanayoiga sura hii na ambayo hutibika.

La kwanza ni maji kujaa katika vyumba vya ubongo. Daktari Salomón Hakim wa Kolombia na wenzake walilieleza mwaka 1965. Mwendo ndio hutangulia: miguu imeachana, nyayo hazitaki kuachana na ardhi. Kisha mkojo humponyoka, kisha kusahau hufuata. Picha ya kichwa ya CT huonyesha vyumba vilivyopanuka. Daktari huweza kutoa maji mililita 30 hadi 50 kwa sindano ya mgongoni na kumtazama akitembea kabla na baada. Akitembea vizuri zaidi, mrija wa kudumu wa kuyapitisha maji hayo tumboni huweza kumsaidia. Utaona kwamba dalili hizi zinafanana sana na za mishipa ya damu. Ndiyo sababu picha haikwepeki.

Jingine ni damu iliyovuja taratibu juu ya ubongo baada ya kugonga kichwa, pengine kugonga kudogo ambako kila mtu amekusahau. Jingine ni upungufu wa vitamini B12, unaotia ganzi miguuni na ukungu kichwani. Wanaotumia metfomini ya kisukari kwa miaka mingi wako katika hatari hiyo, na hupimwa kwa damu. Tezi ya shingo iliyolegea ni hivyohivyo.

Halafu kuna mfuko wa dawa, ambao kwa maoni yetu ndio wa kumwagwa mezani kwanza kabisa. Diazepamu ya usingizi. Amitriptilini ya maumivu ya neva. Piriton ya mafua iliyonunuliwa dukani na kumezwa kila usiku. Promethazini. Zote hizi hulegeza miguu ya mzee na kuvuruga kumbukumbu. Usimkatizie ghafla, hasa diazepamu, maana kukatiza ghafla kuna hatari yake. Mpelekee daktari au mfamasia mfuko wote, pamoja na dawa za mitishamba. Dawa za presha nazo huweza kuishusha mno akisimama. Mpime amelala, kisha amesimama dakika 1 na dakika 3: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu chake kimepata sababu. Ramadhani, na joto la Kaskazi, huzidisha hali hiyo kwa wasiokunywa maji ya kutosha.

Mwendo ukibadilika kwa saa au siku chache, usingoje miadi. Mdomo kupinda au mkono kulegea ni kiharusi na ni wa kukimbizwa hospitali. Kuchanganyikiwa kwa siku mbili tatu mara nyingi ni maambukizi, hasa ya mkojo au ya mapafu.

Kumpunguzia kichwa kazi

Anza na mdomo wako mwenyewe. Mzee akitembea, nyamaza. Akitaka kuzungumza, simameni. Ukitaka kumwongoza, toa agizo moja fupi, kisha ngoja hadi sekunde 10 kabla ya kulirudia, kwa maneno yaleyale. "Babu, shika hapa." "Bibi, mguu mbele." Kelele ya "angalia, utaanguka!" humfanya ageuke kukutazama, na ni kugeuka huko kunakomwangusha.

Usitangulie mbele yake ukimvuta mikono yote miwili huku wewe ukienda kinyumenyume. Humfanya aegemee mbele, na humzibia njia. Simama ubavuni mwake, nusu hatua nyuma, upande ulio dhaifu, umpe kiwiko chako akishike yeye. Akishika yeye, yeye ndiye anayeamua kasi.

Miguu ikinasa mlangoni, usimsukume. Asimame, anyooshe mgongo, aegemeze uzito kulia, kushoto, kulia, kisha atoe hatua moja kubwa. Vipande vya utepe wa rangi kali vilivyobandikwa sakafuni kila baada ya sentimita 40 au 50 husaidia wenye mwendo wa Parkinson na Lewy, kwa sababu jicho hupata lengo na ubongo hupita njia nyingine. Mdundo pia: kuhesabu moja, mbili, au dhikri anayoijua kwa moyo. Lakini kwa mwenye Alzheimer mdundo huo huweza kuwa kazi ya pili na ukampunguza kasi. Jaribu mara chache na umpime. Kama hatua zinaharibika, acha.

Kugeuka: mzoeze kuzunguka kwa upinde mpana, si kupinda papo hapo. Maana yake nafasi ya mita moja na nusu iwe wazi mbele ya kitanda, mbele ya kiti na msalani. Kwenye nyumba zetu zilizojaa makochi huku ukumbi ni mdogo, hilo humaanisha kutoa kitu.

Kuketi na kuinuka kuna hatua zake. Kiti kiwe na mikono, urefu wa kikalio sentimita 45 hadi 50. Kochi la kuzama ni mtego. Kuinuka: asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, asukume mikono ya kiti. Akishasimama, ahesabu hadi 10 kabla ya hatua ya kwanza. Kuketi: arudi nyuma hadi ahisi kiti nyuma ya miguu yote miwili, ashike mikono ya kiti, ndipo ashuke. Wengi hujirusha wakiwa bado nusu hatua mbali.

Sakafu ina udanganyifu wake. Ubongo ulioharibika husoma busati jeusi kuwa shimo, na kigae kinachong'aa kuwa maji. Atasita, atalikwepa, atajikwaa akilikwepa. Ondoa mabusati madogo yote, hasa lile la mlangoni. Pindo la mkeka linaloinuka lishonwe au mkeka uondoke. Kizingiti kipakwe rangi inayotofautiana na sakafu, na vivyo hivyo ukingo wa kila daraja la ngazi. Ngazi za nyumba za zamani za Mji wa Kale ni kali na nyembamba. Mshikio uwe pande zote mbili, na kama haiwezekani, chumba chake kishushwe chini. Kati ya kitanda na choo pawe na taa inayowaka usiku kucha, na ya betri kwa ajili ya siku za umeme kukatika.

Udhu ni mahali pa hatari pasipotajwa sana. Mtu anasimama kwa mguu mmoja kwenye sakafu iliyolowa, ameinama, mguu mwingine uko bombani. Mwekee kiti kizito, ndoo na kopo, atawadhe ameketi, miguu ikaushwe kabla hajainuka. Kwenye sala, kusujudu na kuinuka mara kwa mara ndiko kunakoshusha presha. Sharia imempa ruhusa mgonjwa kusali ameketi, na wazee wengi huikubali ruhusa hiyo wakiambiwa na imamu kuliko wakiambiwa na mtoto wao. Kiti cha sala kisiwe na magurudumu, na kigote ukutani. Alfajiri asiende msikitini peke yake.

Mavazi: kanzu na kikoi viishie juu ya kifundo cha mguu, buibui lisiburure. Makubadhi na ndara hazishiki kisigino, na ili zisimtoke mzee hulazimika kuzikamata kwa vidole na kuburura. Humfundisha mwendo uleule tunaoukimbia. Apate kiatu kilichofunga kisigino, chenye soli nyembamba, ngumu, isiyoteleza, cha kubandika badala ya kamba.

Bakora husaidia ikiwa urefu wake unafika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono anaposimama wima, na inashikwa upande ulio kinyume na mguu mbovu. Kitembezi cha miguu minne ni jambo la kuamuliwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa maana matumizi yake yana mpangilio wa kukumbuka: inua, weka, piga hatua. Mwenye dimenshia huweza kukibeba mkononi akatembea nacho kama kikapu. Chenye magurudumu ni chepesi kukielewa, ila magurudumu madogo hunasa kwenye nyufa za kabro na vichochoroni. Kadiri kifaa kinavyoanzishwa mapema, ndivyo mkono unavyokizoea kabla kumbukumbu haijafungwa.

La kutofanya ni kumketisha kutwa kwa hofu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na ya mizani siku 3. Kwa mzee wa dimenshia, anza na kuinuka kitini mara 5, asubuhi na jioni, na kujiinua kwa vidole vya miguu akiwa ameshika meza ya jikoni mara 10. Kutembea kuwe mahali tambarare pasipo magari. Njia ya waenda kwa miguu ya Mama Ngina, saa moja asubuhi kabla ya jua kali na umati, inafaa kuliko soko la Marikiti saa nne. Njia iwe ileile kila siku, kwa sababu njia mpya ni kazi mpya.

Siku ya daktari, peleka video. Sekunde 30 kwa simu: akiinuka kitini, akija mbele, akigeuka, akienda, ukimwonyesha mwili mzima hadi nyayo. Wagonjwa wengi hutembea vizuri mbele ya daktari kuliko nyumbani, kwani kwa dakika hizo chache hukusanya umakini wote. Andika pia mwendo ulianza kubadilika lini, na kama ilikuwa kwa siku, kwa wiki au kwa miaka.

Na akianguka, usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Mwache alale kidogo, uliza panapouma, tazama kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umepinda nje, dalili ya nyonga kuvunjika. Ukiwa hivyo asinyanyuliwe hadi wasaidizi wafike. Akiwa mzima, mletee kiti mbele yake, apige magoti, aweke mikono kwenye kikalio, atangulize mguu wenye nguvu, ajiinue mwenyewe nawe ukimshika kiunoni. Kama amegonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, apelekwe siku ileile hata kama anacheka. Kwa wengine wote, andika tarehe kwenye kalenda. Katika wiki 6 zinazofuata, akianza kusinzia ovyo, kulalamikia kichwa, au mwendo kwenda upande, mrudishe hospitali na umwambie daktari tarehe hiyo, apigwe picha ya kichwa.